Kaka yangu, cherehani yake, na neno "havionekani"

Neno lililomponza kaka yangu nililitamka mimi.

Ilikuwa mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya lile tetemeko la Bukoba, na mkononi nilikuwa na karatasi ya majibu yake ya kipimo cha wingi wa VVU, virusi ambavyo alikuwa anavimezea dawa. Kazi yangu ni maabara. Majibu ya watu nisiowajua nimeyasoma miaka na miaka bila mkono kutetemeka, lakini haya yalikuwa ya ndugu yangu wa tumbo moja, na machozi yalinilengalenga kwa furaha. Nikamwambia, "Kaka, virusi havionekani." Akauliza, "Havionekani kabisa?" Nikamjibu, "Kabisa kaka, hakuna kitu."

Maneno mawili ya mwisho hayakuwemo kwenye karatasi. Niliyaongeza kwa mapenzi.

Mwaka uliofuata aliacha dawa. Hakumwambia mkewe, hakuniambia mimi. Kliniki aliendelea kwenda kila tarehe yake ilipofika, kwa hiyo hata kwenye orodha ya watoro hakuwepo. Akichukua kopo analirudisha nyumbani na kulitia kwenye sanduku la mabaki ya vitambaa. Alikuja kulifungua shemeji siku moja akitafuta kiraka, akakuta makopo saba, vifuniko bado vimekazwa. Wakati huo kaka alikuwa anakohoa wiki ya tano. CD4 zake, yaani seli za kinga ambazo VVU huzivamia, zilikuwa zimeshuka hadi 112, na makohozi yakaonyesha kifua kikuu.

Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Alifikiri kama anavyofikiri mtu yeyote mwenye akili zake. Malaria ukimaliza dozi na kipimo kikasema haionekani, unarudi kwenye shughuli zako. Mimi mwenye kujua tofauti ndiye niliyempa sentensi ileile anayopewa mgonjwa wa malaria.

Nataka nieleze kosa langu lilipokuwa, maana lilikuwa mahali padogo sana, ndani ya kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Damu ikishatolewa tunaiweka kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Ukikitoa kichupa, damu imejitenga. Chini kuna nyekundu iliyokolea. Juu kuna plazma, ya rangi ya manjano iliyopauka kama maji ya limau. Katikati yao, ukikisogeza kichupa kwenye mwanga wa dirisha, unaona kijitabaka cheupe, chembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Hapo ndipo zinapokaa seli nyeupe, na CD4 zimo humo.

Kupima wingi wa virusi tunavuta plazma ile ya juu, tunaiweka kwenye barafu, na enzi hizo tulikuwa tunaisafirisha hadi Mwanza. Kilichobaki chini tunakiteketeza. Yaani kwa miaka mingi nilikuwa napima virusi vilivyokwisha kutoka nje ya seli, na kile kijitabaka cheupe, ambako VVU ndiko kwao, nilikuwa nakitupa. Karatasi iliposema havionekani, ilisema havionekani kwenye plazma. Hilo nililisoma chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Kulijua hadi liniongoze namna ya kuzungumza na mtu ni jambo jingine, na lilinichukua muda.

Kaka alimaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu, na ARV alikuwa amezirudia. Aliporudi kwenye kibanda chake sokoni alikuwa mwembamba kiasi kwamba futi yake mwenyewe aliyoining'iniza shingoni ilionekana nzito. Nilikwenda kumsalimia. Alikuwa anatia uzi kwenye bobini, na bila kuinua uso akasema, "Mdogo wangu, niambie kitu kimoja. Kama dawa iliwaua wale wadudu, hawa walionilaza kitandani walitoka wapi? Mimi sikwenda popote."

Nikaanza kwa lugha yangu ya maabara. Nikaona macho yake yanarudi kwenye bobini. Nikanyamaza, nikaiangalia ile cherehani.

"Kaka, chukulia mtu ameingia humu kwako usiku. Hana cherehani. Hana uzi, hana mkasi, hana hata miguu ya kukanyagia. Mfukoni ana karatasi ya mkato tu, ya nguo moja, na nguo yenyewe ni ya kumfunika mwingine kama yeye."

"Atashona na nini?"

"Na vyako."

Ndipo akainua uso.

Kirusi cha UKIMWI kikiwa nje ya seli hakili, hakipumui, hakikui, hakigawanyiki. Kina nyuzi mbili za RNA, maandishi ya maelekezo, zenye maelezo yaleyale, kila moja ina herufi 9,700 hivi, na humo mna jeni 9. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini takriban 20,000. Kwa jeni 9 huwezi kuendesha maisha. Unaweza tu kuendesha ya mwenzako.

Kwanza kinahitaji mlango. Protini ya CD4, ile inayozipa seli hizo jina lake, imekaa juu ya utando wa seli kwa kazi yake halali ya kusaidia seli za kinga kutambua adui zinapoonyeshwa na wenzao. Kirusi kinaishika hiyo, kisha kinashika protini ya pili, mara nyingi CCR5, ambayo nayo ina kazi yake ya kupokea ishara za kuita seli mahali penye uvimbe. Kitasa kiliwekwa kwa ajili ya wenye nyumba. Kikishaingia kinaanza kuigeuza RNA yake kuwa DNA, maandishi ambamo seli hutunza jeni zake. Kimeng'enya cha kazi hiyo kimekuja nacho, lakini herufi za kuandikia kinachota kwenye ghala la seli, na hata kipande kidogo cha kuanzishia uandishi kilikibeba kutoka seli kilikotoka. Safari ya kuelekea kwenye kiini inafanyika ndani ya kifuko kiitwacho kapsidi, na protini zetu zinakipokea njiani. CPSF6 inakisaidia kupenya kiinini, na LEDGF inakiongoza hadi sehemu za kromosomu ambako jeni zinafanya kazi kwa wingi. Huko DNA yake inaunganishwa na ya kwetu.

Nilipofika hapo kaka alivuta lile daftari lake la vipimo, lenye jalada la bluu lililochakaa kona, ambamo ameandika vifua na viuno vya wateja wa miaka kumi. Akaniuliza, "Karatasi yake imeshonewa humu?"

"Imeshonewa humo."

"Na dawa?"

"Dawa inazuia ukurasa mpya usishonewe kwenye daftari jingine. Uliokwisha kushonewa, dawa haiuchani."

Alikaa kimya muda mrefu. Mimi nikamalizia kwa kumwomba radhi. Nilimwambia siku ile ya majibu ni kama nilichungulia tu mlangoni kwake, nikaona hakuna nguo iliyotundikwa nje, nikamwambia hakuna kitu. Daftari sikulifungua.

Seli nyingi zilizoambukizwa hufa mapema. Lakini zipo chache za kumbukumbu, zile zinazotunza habari za maradhi ya zamani, ambazo hulala. Seli ikilala haiusomi ukurasa wa kirusi, kwa hiyo haitoi kirusi, na dawa haina cha kuzuia humo wala kinga ya mwili haina cha kuona. Waliopima kwa watu wanaomeza dawa vizuri waliona akiba hiyo inapungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi. Kwa mwendo huo ingehitajika zaidi ya miaka 70 kuimaliza. Ukiacha dawa, kwa walio wengi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache.

Na kinachoiamsha seli ni kazi. Hili ndilo lililonifanya nielewe kilichompata kaka, kifua kikuu na VVU kupandana hivyo. Bakteria wa kifua kikuu wakiingia, seli za kinga zinaamka, na ndani yake protini iitwayo NF-kB inakwenda kwenye DNA kuwasha jeni za mapambano. Mwanzoni mwa ukurasa wa VVU kuna mahali palepale pa NF-kB kushika. Mwili unapojiandaa kumpiga adui mmoja, unamwashia taa mwingine.

Ukurasa ukishafunguliwa, unasomwa na RNA polimerezi ya pili, protini ileile inayosoma jeni zako za insulini na za nywele. Ribosomu zako zinaunganisha protini za kirusi. Mwisho kabisa, kirusi kikiwa kimejifunga kwenye kipande cha utando wa seli, bado kinaning'inia kwa kikonyo. Mkasi hakina. Kinaita protini iitwayo TSG101, nayo inaita wenzake, kundi lile ambalo seli hulitumia inapogawanyika, kutenganisha mtoto na mtoto. Maabara walipoiondoa TSG101 kwenye seli, virusi vilibaki vimeshikamana na utando, vimeiva nusunusu, haviwezi kuondoka. Picha zake za hadubini nimezitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia kaka siku ile kwa sababu linaniuma. Seli zetu zina mlinzi, protini ya APOBEC3G, iliyotambuliwa mwaka 2002, inayoharibu maandishi ya kirusi wakati yananakiliwa. VVU vina protini ndogo, Vif, ya kumkabili. Vif haimuui mlinzi. Inawaita wafanyakazi wa usafi wa seli, wale wanaobandika alama kwenye protini zilizochakaa ili zisagwe, na wao ndio wanaombandika mlinzi alama ya taka. Kila nikiwaeleza wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo habari hii naona sauti yangu inashuka.

Kaka ni mtu wa ufumbuzi. Siku nyingine aliniuliza, "Basi si mngeivunja tu hiyo cherehani, asipate cha kushonea?" Nikamuuliza, na yeye mwenyewe basi atashona na nini. Akacheka kidogo, lakini nilitaka aelewe kwamba ni swali la watafiti wakubwa kabisa. Amanita phalloides, uyoga wenye sumu, unaua kwa njia hiyo hasa. Sumu yake inaizuia RNA polimerezi ya pili, na ini la aliyekula huharibika ndani ya siku chache. Ndiyo maana dawa nyingi za VVU zinalenga vile vitu vichache ambavyo kirusi kimekuja navyo chenyewe.

Lakini si kila kifaa cha nyumba kina uzito sawa. Wapo watu waliozaliwa na CCR5 iliyokatika herufi 32. Aliyerithi mkato huo kwa baba na kwa mama hana CCR5 juu ya seli zake, anaishi vizuri tu, na VVU vya aina inayotumia mlango huo havimwingii. Ulaya ya kaskazini ni kama mtu mmoja kati ya 100. Kwetu Afrika mkato huo ni adimu mno. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alikuwa na VVU kisha akapata saratani ya damu. Mwaka 2007 na tena 2008 daktari wake, Gero Hütter, alimpandikizia uboho wa mtu mwenye mkato huo. Virusi havikurudi tena hadi alipofariki mwaka 2020, na kilichomuua ni saratani iliyojirudia. Upandikizaji wa namna hiyo ni hatari na haumfai mtu ambaye dawa zinamtosha. Hata hivyo ulithibitisha kwamba ukiondoa protini moja ya mwenyeji, kirusi kizima kinakosa pa kuingilia.

Hadithi hiyo kaka aliipenda. Lakini iliyombadilisha ni nyingine, fupi zaidi. Nilimwonyesha majina mawili kwenye kopo lake, tenofovir na lamivudine. Nikamweleza kwamba anapovimeza vitu hivyo haviwezi bado kuzuia chochote. Vinaingia ndani ya seli, na vimeng'enya vya seli yenyewe vinavibandika fosfeti, mbili kwa tenofovir, tatu kwa lamivudine. Hapo ndipo vinafanana na herufi halisi za DNA, kimeng'enya cha kirusi kinaviokota kwa makosa, na uandishi unakatika. Akalishika kopo akaligeuza. "Kwa hiyo hata dawa inamaliziwa kushonwa kwenye cherehani yangu." Ndiyo, nikamwambia, kila siku, na usipoipa kitambaa siku hiyo haina cha kushona. Tangu hapo anameza wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na sijawahi tena kumkumbusha.

Sisi watu wa Kagera habari za nguo na ugonjwa huu tulizianza kwa njia ya uchungu. Mwaka 1983 ndipo wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa, hapahapa kwetu. Kabla watu hawajajua ni nini, waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani na Uganda. Kaka anakumbuka mama akimkataza kukigusa, kwamba maradhi yameshonewa humo. Aliponisimulia hayo alikuwa anapitisha kiganja juu ya kitambaa cha sare za shule kilicholala mezani, polepole, kama mtu anayekipiga pasi.

Machi 2023 nilikumbuka yote haya kwa namna nyingine. Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini. Walipatikana wagonjwa 9, na 6 kati yao walikufa, kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha mwezi Juni. Tulivaa mavazi ya kujikinga hadi macho yanaona ukungu. Watu waliniuliza kwa nini hakuna kidonge. Marburg, kama ndugu yake Ebola, huingia kwa kumezwa na seli, kisha ndani ya kijifuko kilichommeza hushika protini ya NPC1, ambayo kazi yake ya kawaida ni kusafirisha kolesteroli. Seli zilizokosa NPC1 virusi hivi haviziwezi. Ila watoto wanaozaliwa bila NPC1 inayofanya kazi wanaugua vibaya, akili na mwili vinadhoofika mwaka hadi mwaka. CCR5 unaweza kuishi bila. NPC1 huwezi. Nilijifunza kutowaahidi watu kwamba kila mlango unaweza kuzibwa.

Na mwaka 2024 zilikuja habari zilizonifanya nimpigie kaka simu usiku. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda ulikuwa umewachoma wasichana na wanawake vijana 2,134 sindano ya lenacapavir, dawa ya kuzuia VVU, mara mbili tu kwa mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa hiyo inashika kapsidi. Inakaa kwenye kijishimo kilekile ambacho CPSF6, protini yetu, huingiza mkono wake kukipokea kirusi. Pale palipokuwa pa kushikana mikono, dawa imekwisha kukaa. Binti wa kaka ana miaka 19. Kaka alinyamaza kwenye simu, kisha akaniuliza kama sindano hiyo itafika Bukoba, na bei yake. Nilimwambia nitafuatilia, na bado nafuatilia.

Kazini nimebadilisha maneno. Zamani nilikuwa nasema "wadudu", na dawa "inaua". Siku hizi mtu akija na majibu mazuri ninamwambia hivi: nje hakuna nguo iliyotundikwa, hongera sana, na ukiendelea hivi hutamwambukiza mwenza wako. Daftarini ukurasa bado upo. Kwa mvuvi natafuta mfano wa mvuvi. Kwa mwalimu, wa darasani. Wenzangu wa ushauri nasaha wanalalamika kwamba nawachukulia muda, foleni ni ndefu na karatasi inajieleza. Karatasi haijielezi. Nimeona makopo saba yenye vifuniko vilivyokazwa.

Januari iliyopita nilimpelekea majibu yake kibandani. Ni msimu wa sare, sketi za bluu zilikuwa zimerundikana hadi usawa wa bega lake. Nilimpa karatasi, akaisoma mwenyewe.

"Nje hakuna kitu," akasema.

"Nje hakuna kitu, kaka."

Akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya daftari la vipimo, katikati ya kurasa za wateja, akalifunga. Kisha akaniomba nimshikie pindo la sketi, akakanyaga.